Presha 104 na kitanda kimoja cha ICU: uchambuzi wa kisa cha bonge la damu mapafuni

Mwanamume wa miaka 41, fundi seremala, analetwa idara ya dharura ya hospitali ya rufaa ya mkoa saa 2 usiku. Wiki 5 zilizopita alianguka na bodaboda, mfupa wa mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Hakupasuliwa, alifungwa POP, yaani plasta ngumu, akarudi nyumbani. Kofia ngumu alikuwa amevaa na kichwa hakikuguswa. Mchana wa leo aliinuka kwenda msalani, pumzi ikamkata ghafla, macho yakaingia kiza, akateremka taratibu akiegemea ukuta mpaka chini. Mkewe anasema tangu hapo hajamaliza sentensi moja bila kutua.

Mapigo ya moyo ni 118 kwa dakika. Presha 104/70. Anapumua mara 28 kwa dakika. Oksimita ya kidole inasoma 91 bila oksijeni. Joto 36.4. Akili zake ni timamu, anajibu kila anachoulizwa. Vidole vinavyochungulia kwenye POP vimevimba, na paja la kulia ni nene kuliko la kushoto kiasi cha kuonekana kwa macho.

Mgonjwa huyu nimemjenga kwa ajili ya uchambuzi. Si mtu niliyemtibu, na namba zake nimezichagua kwa makusudi, kwa sababu zinaonyesha jambo ambalo madaktari vijana hulikuta wakiwa peke yao usiku: alama za kukadiria hatari ya kifo zinaweza kutoa majibu yanayopingana kwa mtu yuleyule, saa ileile, na kila jibu likawa sahihi kwa swali lake. Alama zenyewe, tafiti na mwongozo nitakaoutaja ni vya kweli na vinatumika.

Saa ya kwanza

Kwa mgonjwa huyu D-dimer, kipimo cha damu cha mabaki ya bonge linaloyeyuka, haina kazi. Ukipiga hesabu ya Wells, alama za kukadiria uwezekano wa bonge la mapafu, mguu wenye dalili za damu kuganda unampa 3, kutokuwepo kwa ugonjwa mwingine unaoeleza hali hii vizuri zaidi kunampa 3, mapigo zaidi ya 100 yanampa 1.5, na kukaa bila kutembea na mguu uliofungwa kunampa 1.5. Jumla ni 9, na kizingiti cha kusema bonge lina uwezekano mkubwa ni zaidi ya 4. D-dimer ni ya kumwondolea shaka mtu ambaye uwezekano wake ni mdogo. Aliyevunjika mfupa hivi karibuni, kipimo hicho mara nyingi huwa juu hata kama mapafu yake ni mazima.

Jambo la kufanya ni heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ni kabla ya picha ya CT ya kifua, wala si baada ya majibu. Msingi wa hili ni wa zamani. Mwaka 1960, kule Bristol, Uingereza, Barritt na Jordan waligawa wagonjwa wenye bonge la mapafu katika makundi mawili. Kati ya 19 ambao hawakupewa dawa za kuzuia damu kuganda, 5 walikufa kwa bonge hilo. Kati ya 16 waliopewa, hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo. Utafiti ule ni mdogo sana kwa vipimo vya leo, lakini tangu siku hiyo karibu hakuna aliyethubutu tena kuwaacha wagonjwa wa aina hii bila dawa ili alinganishe. Mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya ya Madaktari wa Moyo wa mwaka 2019 unasema wazi: uwezekano ukiwa wa kati au mkubwa, na mtu hana sababu ya kutoka damu, anza dawa wakati vipimo vinaendelea.

Timu inachagua heparini ya kawaida ya mshipani, uniti 80 kwa kila kilo ya uzito kwa mkupuo, kisha uniti 18 kwa kila kilo kwa saa. Wagonjwa wengi wa bonge la mapafu wanafaa sindano ya chini ya ngozi, enoksaparini, ambayo ni rahisi na haihitaji pampu. Kwa mtu ambaye una wasiwasi kwamba usiku huu huenda akahitaji dawa ya kuyeyusha bonge, heparini ya kawaida ina faida moja kubwa: ukiifunga, nguvu yake inaisha ndani ya saa chache. Uamuzi huo mdogo wa kuchagua dawa tayari ni utabiri. Daktari ameshaona kitu usoni mwa mgonjwa kabla hajafungua kikokotoo.

Alama tatu, majibu matatu

Saa 4 usiku CT imerudi. Mabonge yamo kwenye matawi makuu ya mishipa ya mapafu, kulia na kushoto. Chemba ya chini ya kulia ya moyo ni pana kuliko ya kushoto, uwiano wa 1.3. Daktari wa zamu anahesabu PESI, alama ya kukadiria hatari ya kifo, kwenye simu na kumwambia mkubwa wake: "Dokta, PESI ni 71, daraja la II. Tumpeleke wodini?"

Hesabu yake ni sahihi. PESI, iliyotolewa na Aujesky na wenzake mwaka 2005 kutokana na kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali za Pennsylvania, Marekani, inaanza na umri: kila mwaka ni alama moja. Ana 41. Mwanamume anaongezewa 10. Saratani ingempa 30, moyo kushindwa kazi 10, ugonjwa sugu wa mapafu 10. Hana hata kimoja. Mapigo ya 110 au zaidi, 20, hilo analo. Presha chini ya 100 ingekuwa 30, kupumua mara 30 au zaidi 20, joto chini ya 36 alama 20, kuchanganyikiwa 60, oksijeni chini ya 90 alama 20. Vyote hivyo hana. Jumla 71. Daraja la II linaanzia 66 hadi 85, na katika tafiti vifo vya siku 30 kwa daraja hilo vilikuwa kati ya asilimia 1.7 na 3.5.

Chukua sasa sPESI, toleo fupi lililotolewa na Jiménez na wenzake mwaka 2010, Hispania. Maswali ni sita: umri zaidi ya 80, saratani, ugonjwa sugu wa moyo au mapafu, mapigo 110 au zaidi, presha chini ya 100, oksijeni chini ya 90. Kila ndiyo ni alama moja. Asiye na alama yoyote, kifo cha siku 30 kilikuwa asilimia 1.0. Mwenye alama moja au zaidi, asilimia 10.9. Fundi wetu ana moja, ya mapigo. Kwa hiyo kati ya ndugu wawili wa ukoo mmoja, PESI imemweka upande wa salama na sPESI upande wa hatari.

Alama ya tatu ni ya Bova, ya mwaka 2014. Hii ilijengwa kwa wagonjwa 2874 ambao presha yao ilikuwa bado imesimama, yaani haijaporomoka, na ina mambo manne tu: presha kati ya 90 na 100 ni alama 2, troponini iliyopanda, protini ya damu inayoonyesha msuli wa moyo umeumia, ni 2, chemba ya kulia iliyozidiwa ni 2, na mapigo 110 au zaidi ni 1. Troponini ya mgonjwa imerudi juu ya kawaida. Eko ya moyo, yaani ultrasound, iliyofanywa pale kitandani inaonyesha ukuta wa chemba ya kulia haujongei ipasavyo isipokuwa nchani, na mwendo wa vali ya kulia kuelekea ncha, ule unaoandikwa TAPSE, ni milimita 13, wakati chini ya 16 tayari ni ishara mbaya. Basi 2 na 2 na 1 ni 5. Hiyo ni hatua ya III, ya juu kabisa. Katika utafiti wa Bova, watu wa hatua hiyo walipatwa na kifo cha bonge, kuporomoka kwa presha au bonge jingine ndani ya siku 30 kwa asilimia 29.2.

Asilimia 3, asilimia 11, asilimia 29. Mtu mmoja, saa 4 usiku.

Mwenye haraka atasema PESI imekosea. Mimi sisemi hivyo. Namba za Bova hazihesabu vifo peke yake. Zinachanganya na matukio mengine mazito, kwa hiyo huwezi kuziweka juu ya mstari mmoja na zile za PESI kana kwamba zinapima kitu kimoja. Hapo ndipo ninapotaka msomaji atue. PESI inauliza: je, mtu huyu atakuwa hai siku 30 zijazo, bila kujali kitakachomuua ni nini? Ilitengenezwa zaidi kumtambua mgonjwa ambaye unaweza kumruhusu mapema au kumtibu nyumbani, na kwa kazi hiyo ni chombo kizuri sana. Ndiyo maana umri na saratani vina uzito mkubwa. Bova inauliza jambo jingine: kati ya hawa ambao presha bado imesimama, nani anaelekea kuanguka kwa sababu ya bonge lenyewe? Anayesimama kwenye korido akigawa vitanda anahitaji jibu la swali la pili, lakini mara nyingi anashika karatasi yenye jibu la swali la kwanza.

Mwongozo wa 2019 ulishaliona hili. Unasema mgonjwa anaweza kuwa na PESI ya daraja la I au II, au sPESI ya sifuri, na bado chemba ya kulia ikawa imezidiwa au troponini imepanda. Mtu kama huyo anawekwa kwenye hatari ya kati, si ya chini. Na vyote viwili vikiwepo, eko na troponini, iwe ni hatari ya kati ya juu. Kwa hiyo jibu kwa daktari kijana ni: hapana, haendi wodi ya kawaida.

Mlangoni mwa kila kizingiti

Kabla ya kuondoka kwenye hesabu, angalia umbali. Anapumua mara 28. Kizingiti ni 30. Oksijeni 91, kizingiti ni 90. Presha 104; kizingiti ni 100. Pumzi mbili zaidi kwa dakika, oksijeni ishuke kidogo hadi 89, presha iteremke milimita 5, na PESI yake inaruka kutoka 71 hadi 141. Hiyo ni daraja la V, ambako vifo vya siku 30 vilikuwa kati ya asilimia 10.0 na 24.5. Kutoka daraja la II hadi la V kwa mabadiliko ambayo nesi asiye na mashine ya kufuatilia hawezi kuyaona akiwa upande wa pili wa wodi.

Na hiyo 91 yenyewe ina shaka. Mwaka 2020 Sjoding na wenzake, Michigan, walilinganisha oksimita za kidole na damu ya ateri. Kwa wagonjwa ambao kidole kilisoma kati ya 92 na 96, asilimia 11.7 ya weusi walikuwa na oksijeni halisi chini ya 88, dhidi ya asilimia 3.6 ya weupe. Ngozi nyeusi humfanya mgonjwa aonekane ana oksijeni zaidi ya aliyonayo. Kwa mataifa yetu hili si tanbihi ya kusoma na kupita. Alama 20 za PESI zinakaa kwenye namba ambayo kifaa chetu kina tabia ya kuipandisha. Ninapoona 91 kwa mtu mwenye ngozi kama yangu, siiandiki kama hakikisho kwamba amevuka salama.

Kuna namba nyingine isiyohitaji kifaa chochote zaidi ya ulivyo navyo: gawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha. 118 kwa 104 ni 1.13. Ikifika 1 au kupita, moyo unakimbia kuliko presha inayopatikana, na hatari imepanda. Lakteti yake, kipimo kingine cha damu, ni 2.8, wakati 2 na kuendelea inaashiria kwamba tishu zimeanza kukosa damu ya kutosha. Presha imesimama, lakini mwili tayari unalipa gharama ya kuisimamisha.

Kitanda kimoja

Usiku huohuo yuko mgonjwa wa pili. Ni bibi wa miaka 78, anaendelea na tiba ya saratani ya titi, na CT aliyopigwa kufuatilia kifua imeonyesha mabonge madogo kwenye matawi ya pembeni ya mishipa ya mapafu. Mapigo 88, presha 132/78, oksijeni 95, anapumua mara 18. Troponini ni ya kawaida, eko ni nzuri. Anaongea na mjukuu wake na kulalamika kwamba chai ni baridi.

PESI ya bibi: 78 kwa umri, 30 kwa saratani. Jumla 108, daraja la IV, vifo vya siku 30 kati ya asilimia 4.0 na 11.4. PESI ya fundi ni 71. sPESI ya bibi ni 1, kwa saratani. Ya fundi ni 1. Bova ya bibi ni 0. Ya fundi ni 5.

ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, ina kitanda kimoja kitupu chenye mashine ya kufuatilia. Ukigawa kwa PESI, kitanda ni cha bibi. Ukigawa kwa sPESI, wamefungana. Ukiuliza nani anaweza kuporomoka kati ya sasa na kesho kutwa kwa sababu chemba ya kulia ya moyo imechoka, hakuna mjadala: kitanda ni cha fundi.

Kwa nini nasema kesho kutwa? Kwa sababu ya PEITHO, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 1000 wanaofanana kabisa na huyu: presha imesimama, chemba ya kulia imezidiwa, troponini imepanda. Nusu walipewa tenektepleizi, dawa ya kuyeyusha bonge, pamoja na heparini. Nusu heparini peke yake. Katika kundi la heparini peke yake asilimia 5.6 walikufa au kuporomoka ndani ya siku 7, na wastani wa muda hadi tukio hilo ulikuwa chini ya siku 2. Hatari ya bonge lenyewe imejazana mwanzoni, haijagawanyika sawasawa katika siku 30. Kitanda cha ICU kina maana kwa mwenye hatari ya aina hiyo.

PEITHO inatujibu pia kwa nini fundi hapewi dawa ya kuyeyusha saa 4 usiku hiyohiyo. Waliopewa tenektepleizi walishuka kutoka asilimia 5.6 hadi 2.6 kwa kifo au kuporomoka. Lakini kutoka damu kwingi nje ya kichwa kulipanda kutoka asilimia 1.2 hadi 6.3, na kiharusi kutoka 0.2 hadi 2.4, kingi kikiwa cha kuvuja damu kwenye ubongo. Vifo vya siku 30 havikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Kwa hiyo mwongozo unasema: mwenye hatari ya kati ya juu apewe heparini, awekwe mahali anapoonekana, na dawa ya kuyeyusha iwe tayari kwa dalili za kwanza za kuporomoka. Maneno "mahali anapoonekana" ndiyo tiba yenyewe. Ukiyaondoa, umempa nusu dozi.

Presha huanguka mwisho

Hapa inafaa kueleza kwa nini presha ya 104 isimtulize mtu. Chemba ya kulia ya moyo ina ukuta mwembamba, umezoea kusukuma damu kwenye mapafu kwa shinikizo dogo. Mabonge yakiziba sehemu kubwa ya njia, kuanzia theluthi hadi nusu, shinikizo linapanda. Chemba ambayo haikuzoezwa haiwezi kuzalisha shinikizo la wastani linalozidi milimita 40 hivi. Ikifika hapo inatanuka. Ikitanuka, ukuta wa katikati unasukumwa upande wa kushoto, na chemba ya kushoto inapata damu kidogo ya kuupelekea mwili. Mwili unamwaga adrenalini, mapigo yanakwenda mbio, mishipa inajibana, na kwa njia hiyo presha inashikiliwa. Kwenye karatasi ya uangalizi unaona mapigo yakipanda, kupumua kukipanda, viganja vikipoa, mkojo ukipungua, na presha iko palepale. Akiba ikiisha, presha inaanguka kwa mkupuo, na muda wa kufanya jambo ni mfupi sana.

Kosa ninalolihofia zaidi katika dakika hizo ni dripu. Presha imeshuka, mtu ananing'iniza lita moja ya maji, kama tulivyofundishwa kwa anayeharisha au aliyetokwa damu. Chemba ya kulia iliyokwisha tanuka ukiijaza inatanuka zaidi na kuibana ya kushoto zaidi. Mwongozo unaruhusu kiasi kidogo, kisichozidi mililita 500, na kwa yule tu ambaye mishipa yake mikubwa haijajaa. Kwa fundi wetu eko imeonyesha mshipa mkuu wa chini umejaa pomoni. Yeye hapewi hata hiyo. Hofu ya pili ni kumlaza usingizi na kumwekea mpira wa kupumulia: dawa za usingizi zinaondoa adrenalini iliyokuwa inamshikilia, na mashine inaongeza shinikizo kifuani. Wapo wanaosimama moyo papo hapo.

Kadi ya kliniki

Saa 8 usiku, akiwa ICU, mapigo ni 128. Anapumua mara 32. Oksijeni 89 akiwa na barakoa. Presha 96/68. Anajigeuza huku na huku, viganja vya baridi, lakini bado anajua yuko wapi na ni siku gani.

PESI yake sasa ni 141. Ameruka vizingiti vyote vitatu tulivyoviona. Hata hivyo ukisoma tafsiri ya hatari kubwa kwa haraka, utasema bado: presha chini ya 90 ndiyo inayotajwa, naye ana 96.

Nesi anamwuliza mkewe kama wana karatasi yoyote ya awali. Anatoa kwenye pochi kadi ya kliniki ya mifupa, imekunjwa mara nne. Siku aliyofungwa POP presha iliandikwa 138/86. Wiki 2 baadaye, alipoenda kuangaliwa na maumivu yametulia, 136/84.

Kadi hiyo inabadilisha daraja lake. Tafsiri ya presha iliyoporomoka haina sehemu moja. Ni namba ya juu ya presha kuwa chini ya 90, au kushuka kwa 40 au zaidi kutoka ilipokuwa, kwa zaidi ya dakika 15, pasipo sababu nyingine kama mapigo yaliyovurugika, kutokwa damu au maambukizi makali. Kutoka 136 hadi 96 ni 40 kamili. Wanapima tena baada ya dakika 10, na tena baada ya nyingine 10: 95, 94. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inaonyesha mapigo ya mpangilio wa kawaida, ila ya kasi. Hana homa, hatokwi damu. Huyu ni mgonjwa wa hatari kubwa, kwa tafsiri, si kwa hisia. Na ukirudi nyuma, hata ile 104 ya saa 2 usiku ilikuwa imeshuka 32 kutoka kawaida yake. Alama zote tatu zilimwona kama mtu mwenye presha nzuri kwa sababu hakuna hata moja inayouliza presha yako ya kila siku ni ngapi.

Katika nchi ambako watu wazima wengi wana presha ya kupanda na hawajijui, swali hilo nalipa uzito wa kipimo cha maabara. Presha ya 100 kwa msichana mwembamba na presha ya 100 kwa baba aliyezoea 160 ni habari mbili tofauti kabisa. Ulizia kadi. Mpigie simu ndugu aliyebaki nyumbani asome kilichoandikwa.

Wanaanza noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, kwa dozi ndogo. Wanarudia orodha ya vizuizi kwa sauti: hajawahi kupata kiharusi, kichwa hakikuumia, hajapasuliwa, jeraha ni la wiki 5 na kizuizi ni cha ndani ya wiki 3, hana kidonda kinachotoa damu. Dawa ya kuyeyusha bonge iliyopo kabatini ni streptokinesi. Heparini inafungwa kwanza, kisha wanaweka uniti milioni 1.5 kwa saa 2. Kama ingekuwapo altepleizi, dawa nyingine ya kuyeyusha bonge, dozi ingekuwa miligramu 100 kwa muda huohuo, na heparini ingeweza kuendelea. Streptokinesi inaweza kushusha presha na kuleta mzio, kwa hiyo mtu anakaa pembeni ya kitanda muda wote. Sindano za msuli ni marufuku, na mahali palipotobolewa panabanwa kwa mkono.

Mkewe anauliza: "Daktari, nambie ukweli, atapona?" Daktari asimwambie asilimia 29, wala asilimia 24.5. Namba hizo ni za kundi, na kundi lenyewe lilikuwa Pennsylvania, Madrid na miji mingine yenye ICU kila kona. Anachoweza kumwambia kwa uaminifu ni hiki: "Dada, hali yake ni ya hatari, hasa usiku huu na siku mbili zijazo. Tumempa dawa yenye nguvu ya kuyeyusha damu iliyoganda. Wengi wanaopewa huanza kupata nafuu ndani ya siku moja na nusu. Dawa hii ina hatari ya kumtoa damu, ndiyo maana hatutamwacha peke yake." Kila neno hapo lina ushahidi nyuma yake.

Baada ya usiku

Katika kisa hiki nimempa nafuu: kufikia alfajiri mapigo ni 102, presha 118, noradrenalini imepunguzwa, na heparini imerudishwa. Angeweza vilevile kufa, na uamuzi wa saa 4 usiku ungebaki kuwa sahihi. Nalisema kwa sababu tuna desturi ya kupima ubora wa makadirio kwa matokeo ya mgonjwa mmoja. Asilimia 71 ya watu wa hatua ya III ya Bova walipita siku 30 bila tukio lolote zito. Ukimweka mtu ICU asianguke, hujadanganywa na alama.

Kilichobaki kwake ni vidonge vya kuzuia damu kuganda kwa angalau miezi 3, kwa kuwa chanzo kinajulikana na kimeondoka, yaani mfupa uliovunjika na mguu uliofungwa. Arudi kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Akisema bado pumzi inamkata akipanda ngazi, eko irudiwe, maana kwa wachache mabonge hayayeyuki na shinikizo la mapafu linabaki juu.

Na bibi? Alilala wodi ya kawaida, akaanzishiwa dawa, presha ikapimwa kila saa 4. Hakupelekwa ICU, wala hakuihitaji. Lakini ile 108 yake ni ya kweli, ila saa yake ni tofauti. Hatari yake imetawanyika kwenye wiki zijazo, na sehemu kubwa inatoka kwenye saratani, kutokwa damu akiwa kwenye dawa, na udhaifu wa umri. Kwa hiyo faili lake lisifungwe kwa neno "imara". Kabla hajatoka, apangiwe tarehe na kliniki ya saratani ndani ya siku hizo 30, mjukuu aandikiwe dalili za kutokwa damu za kuangalia, dawa zihesabiwe kama zinafika mwisho wa mwezi, na namba ya simu ya wodi iandikwe nyuma ya kadi yake.